Filamu za anime zinaingia kwenye kanoni ya manga, au zinabaki nje?

#1 Kamanga_Feri
Wakuu, mwangaluka.

Manga, yaani katuni ya Kijapani ya karatasini, inatoka sura kwa sura, wiki kwa wiki. Katikati studio ya anime, yaani katuni ya kutazama, inatoa filamu yenye adui mpya, nguvu mpya, mji mzima unateketea. Sura inayofuata ya manga inakuja na hakuna mhusika hata mmoja anayekumbuka kilichotokea. Sasa kilitokea au hakikutokea?

Msimamo wangu ni kwamba hakuna filamu iliyo kanoni. Kanoni ni kurasa alizochora mwandishi, basi. Nauliza kwa sababu kuna ratiba inapangwa Nyegezi ya kuwaonyesha Dragon Ball kwa mpangilio vijana ambao hawajawahi kuigusa, na nusu ya wapangaji wanataka filamu zote ziingizwe. Za Dragon Ball Z za zamani peke yake ni 13, kuanzia 1989 hadi 1995. Zinakaa wapi?

#2 Mabatini_Juu
Hizo 13 haziwezi kukaa popote, na ushahidi upo. Chukua ya kwanza kabisa, Dead Zone ya Julai 1989. Garlic Jr. anamteka Gohan, mtoto wa Goku, na Goku, Krillin na Piccolo wote wanafika pale kabla Raditz, adui wa kwanza wa Z, hajatua duniani. Fungua manga: Krillin na Bulma wanamwona Gohan kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Mzee Roshi, siku ileile Raditz anayofika. Huwezi kumwona mtu kwa mara ya kwanza mara mbili.

Broly ya 1993 nayo imewekwa ndani ya zile siku 10 za kusubiri mashindano ya Cell. Kwenye manga, Goku na Gohan wanatoka Chumba cha Roho na Muda wakiwa Super Saiyan, hali ya nguvu yenye nywele za dhahabu, na wanabaki hivyo makusudi, kulala na kuamka, ili mwili uzoee. Kwenye filamu Goku yuko kwenye usaili wa shule, suti mwilini na nywele nyeusi. Imekwama hapohapo, dakika za mwanzo.

Lakini Kamanga, kusema "hakuna filamu" ni kutumia shoka mahali panapotaka kisu. Mugen Train, ile filamu ya Demon Slayer, utaiweka wapi?

#3 Kamanga_Feri
Mugen Train ni manga iliyotiwa rangi na sauti. Hiyo siihesabu kama filamu ya pembeni.

#4 Mabatini_Juu
Basi msimamo wako umeshabadilika ndani ya majibu matatu. Mugen Train ya Oktoba 2020 inachukua sura ya 54 hadi 66 za Demon Slayer karibu mstari kwa mstari. Mtu akiruka kutoka msimu wa kwanza hadi vita vya mtaa wa starehe bila kuiona, hajui Rengoku amekwenda wapi wala Tanjiro ameupata wapi ule uchungu. Kwa hiyo kuna filamu ambayo ni lazima.

#5 Dada_Pasiansi
Samahani, mnabishana juu ya kitu ambacho hamjakipa maana. Kanoni ni nini? Mmoja anasema "alichochora mwandishi", mwingine anasema "kisichopingana na manga". Hayo ni mambo mawili. Filamu inaweza isipingane na chochote na bado mwandishi hana habari nayo.

#6 Mzee_wa_Capripoint
Dada Pasiansi ameshika penyewe. Neno lenyewe linasaidia. Kigiriki *kanon* ni ufito mnyoofu wa kupimia, ule wa fundi. Waarabu wakalichukua likawa *qanun*, ndiyo kanuni yetu tunayoitumia kila siku. Kanisa likalitumia kwa orodha ya vitabu vinavyokubaliwa, na hilo likatufikia kama kanoni. Wapenzi wa hadithi wakaliazima kutoka huko: Ronald Knox mwaka 1911 alivichambua visa vya Sherlock Holmes kwa mtindo wa wachambuzi wa Biblia, na tangu hapo zile hadithi 60 za Conan Doyle zikaitwa kanoni.

Angalieni sasa. Hata orodha ya Biblia si moja. Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66. Anayeamua orodha ni jumuiya inayokisoma kitabu, na jumuiya hazikubaliani. Kwa Holmes mwandishi alikuwa mmoja, kazi ikawa rahisi. Kwa manga kuna mchoraji, kuna jarida, kuna studio, kuna kamati ya watengenezaji. Nani kati yao ameshika ufito?

#7 Igoma_Stendi
Wajapani wenyewe hawasumbuki na neno hilo kama sisi. Wana *gensaku*, yaani kazi ya asili, na vingine vyote vinapimwa kwa umbali wake na gensaku. Swali lao ni "hii imetoka sura zipi?" Kama haikutoka sura yoyote, wanasema ni filamu orijino, na hakuna anayekasirika.

#8 Buzuruga_Reli
Niongeze sababu ya kiwandani, maana watu wanadhani filamu zilipingana na manga kwa uzembe.

Filamu za Dragon Ball Z zilitoka Machi na Julai, likizo za shule Japani, ndani ya tamasha la Toei ambalo tiketi moja ilimpa mtoto filamu kadhaa fupi za katuni tofauti. Ndiyo maana nyingi zina dakika 45 hadi 60 tu. Mswada unaandikwa miezi mingi kabla. Wakati huo Toriyama, mwandishi wa Dragon Ball, anachora kurasa za wiki hii, na studio haijui miezi sita ijayo nani atakuwa hai, nani ana nguvu gani, nani amehamia upande wa wema.

Mwandishi wa filamu ana njia mbili tu hapo. Achukue hali ya wahusika ya siku anayoandika, halafu ikifika siku ya kutoka manga imeshasonga. Au akisie, akosee. Kwa vyovyote mwisho lazima urudi palepale ulipoanzia: hafi mhusika mkuu, hapatikani mwana, hauvunjwi ukoo. Akibadilisha chochote cha kudumu, kipindi cha televisheni cha Jumatano ijayo kinapingana naye. Zilitengenezwa zisiache alama.

#9 Kirumba_Mwaloni
#8 umeeleza vizuri sana, wabeja. Ila hilo ni la miaka ya 90. Baada ya hapo waandishi wenyewe waliingia jikoni.

Njia ya kujua ni kusoma majina ya mwishoni kwa Kijapani, na hapa wengi wanadanganyika. Jina la mwandishi wa manga utalikuta kwenye kila filamu mbele ya neno 原作, *gensaku*. Hilo halithibitishi chochote. Ni haki yake ya kisheria, hata kama hakusoma mswada. Maneno ya kutafuta ni haya: 脚本, *kyakuhon*, aliyeandika mswada. 監修, *kanshū*, aliyesimamia kwa kupitia na kusahihisha. 総合プロデューサー, mtayarishaji mkuu. Na 製作総指揮, aliyeshika usukani wa utengenezaji wote.

Pima One Piece kwa hayo. Strong World ya Desemba 2009, Oda, mwandishi wa manga hiyo, aliandika hadithi mwenyewe na kushika usukani. Film Z ya 2012 na Film Red ya 2022 ni mtayarishaji mkuu. Stampede ya 2019 ni msimamizi. Ukipanga hivyo unaona ukaribu unavyopanda na kushuka kutoka filamu hadi filamu, na hapo unaweza kubishana na mtu ukiwa na kitu mkononi.

#10 Kamanga_Feri
Kwa hiyo Strong World ni kanoni?

#11 Kirumba_Mwaloni
Shiki, yule adui wa filamu hiyo, ni kanoni. Matukio ya filamu siyo. Hapo ndipo watu wanapochanganya mtu na tukio.

Shiki ametajwa ndani ya manga kama aliyetoroka gereza la Impel Down, na sura ya 957 Sengoku anapowataja waliokuwa kwenye meli ya haramia Rocks jina lake limo pamoja na Shirohige, Big Mom na Kaido. Zaidi ya hapo, waliokwenda sinema 2009 walipewa juzuu ya 0 yenye sura ya 0, imechorwa na Oda kwa mkono wake, na Shiki yumo miaka mingi kabla Luffy hajasafiri. Mtu yupo, historia yake ipo. Kile kisa cha visiwa vinavyoelea na Nami kutekwa, manga haijawahi kukirejea.

#12 Sengerema_Kwetu
Nakazia hoja ya #11 kwa mfano ambao binafsi naona ndio mzito kuliko yote: taarifa zinazovuja kupitia filamu kabla manga haijazifikia.

Stampede, Agosti 2019. Ile dira inayoelekeza kisiwa cha mwisho inaonyesha maandishi ya kilatini: Laugh Tale. Kwa miaka mingi wasomaji wa nje walikuwa wakiandika Raftel, maana herufi za Kijapani zinasomeka vyote viwili. Mashabiki wakasema ni filamu tu, haihesabiki. Januari 2020 sura ya 967 ikatoka, Roger na watu wake wanacheka hadi machozi, na jina ni lilelile.

Film Red, Agosti 2022. Wazee Watano wanazungumza juu ya Uta, yule mwimbaji aliyelelewa na Shanks, na wanataja damu ya Figarland. Mwaka uliofuata manga ikamleta Figarland Garling kwenye sura ya 1086. Aliyeipuuza filamu alilisikia jina hilo akadhani ni jipya.

Sasa Kamanga, filamu isiyo kanoni inawezaje kuijua kanoni mapema kuliko manga?

#13 Mabatini_Juu
Kwa sababu Oda aliwapa. Taarifa ni ya Oda, filamu ni mfuko tu iliyobebewa. Ukipewa samaki kwenye gazeti, gazeti haliwi samaki.

#14 Sengerema_Kwetu
Mfano mzuri kaka, ila unanisaidia mimi. Kama samaki ni halisi, huwezi kusema hakuna kilicholetwa. Uta mwenyewe kivuli chake kimechorwa kwenye sura ya 1055. Hilo ni karatasi, si filamu.

#15 Mabatini_Juu
Kivuli nakubali. Mtoto wa kulelewa wa Shanks yupo. Lakini tamasha la Elegia uniambie lilifanyika lini. Jinbe yuko melini, kwa hiyo ni baada ya yeye kujiunga nao Wano. Wanatoka Wano, sura chache tu mbele wameshaingia mambo ya Egghead. Nafasi ya safari nzima, vita vya dunia nzima na msiba ule, iko wapi? Na Luffy kumpoteza rafiki wa utotoni halafu asimtaje hata kwa neno moja? Huyo si Luffy ninayemjua.

#16 Dada_Pasiansi
Hapo mmefika kwenye kipimo cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja: moyo wa mhusika. Tarehe zinaweza kusogezwa. Mtu aliyeomboleza hawezi kuwa hajaomboleza.

#17 Butimba_Chuo
Naona mmemsahau Kishimoto, mwandishi wa Naruto, na kwake filamu ni lazima kuliko hata Mugen Train.

Sura ya 699 na 700 za Naruto zilitoka siku moja, tarehe 10 Novemba 2014. Kwenye 699 vita vimekwisha. Kwenye 700 Naruto ni Hokage, yaani mkuu wa kijiji cha Konoha, ameoa Hinata, ana watoto wawili. Katikati hakuna kitu. Mapenzi yao yalianzaje? Jibu liko kwenye The Last, filamu ya Desemba 2014, hadithi ya Kishimoto, miaka 2 baada ya vita. Ukiikataa una manga yenye ndoa isiyo na uchumba.

Kwa anayeangalia Shippuden, sehemu ya pili ya anime ya Naruto: episodi ya 479 inafunga pambano la Naruto na Sasuke. Zinafuata za utoto wao, za safari ya Sasuke, za Shikamaru, hadi 493. Simama hapo, weka The Last, halafu endelea 494 hadi 500 ambazo ni maandalizi ya harusi. Kosa la kawaida ni kuiweka baada ya 500. Unakuwa umeshuhudia harusi kabla ya Naruto kutambua kwamba anampenda.

Road to Ninja ya 2012 nayo ina mkono wa Kishimoto, lakini imejengwa juu ya dunia ya njozi. Hiyo iache hata kama jina lake limo. Mkono wa mwandishi pekee hautoshi.

#18 Igoma_Stendi
#17 uko sahihi kwa The Last, ila filamu inayofuata inavunja kila kipimo tulichoweka hapa.

Boruto: Naruto the Movie, Agosti 2015. Mswada ameandika Kishimoto mwenyewe. Haipingani na sura ya 700. Wakati inatoka ilikuwa kanoni kwa kila ufito. Mei 2016 manga ya Boruto inaanza, inasimulia upya kisa kilekile cha mtihani wa Chunin na Momoshiki, ila safari hii Momoshiki anamwachia Boruto alama ya Karma mkononi, na ukurasa wa kwanza kabisa unaonyesha Konoha imebomolewa na Kawaki amesimama mbele yake. Kwenye filamu hakuna Karma, hakuna Kawaki. Hadithi yote ya baadaye inasimama juu ya ile Karma.

Halafu televisheni ikasimulia mara ya tatu, ukafika episodi ya 66, na tofauti zake nyingine.

Kwa hiyo filamu ilikuwa ndani, kisha ikatolewa. Kanoni inaweza kumfukuza mtu aliyekwisha kuingia.

#19 Buzuruga_Reli
Dragon Ball ilifanya hivyohivyo. Battle of Gods ya Machi 2013: siku ya kuzaliwa ya Bulma inafanyika kwenye bustani za Capsule Corporation. Dragon Ball Super kwenye televisheni, 2015: sherehe ileile iko kwenye meli ya kifahari baharini. Mungu yuleyule wa maangamizi, Beerus, ugomvi uleule wa chakula kitamu, mahali pawili tofauti.

Na Bardock ni kisa cha kinyume chake. Kipindi maalumu cha televisheni cha Oktoba 1990 kuhusu baba yake Goku hakikutoka kwa Toriyama, ni kazi ya studio. Kilimpendeza, akamchora Bardock kwenye manga yake wakati wa Freeza, kijisanduku kimoja tu. Miaka mingi watu wakakihesabu kipindi chote kuwa kanoni kwa sababu ya kile kijisanduku. Aprili 2014 Toriyama akatoa sura fupi ya Minus: Bardock si yule askari katili asiyejali mtoto, kuna mama anaitwa Gine, na Goku anapelekwa duniani na wazazi wanaomwonea huruma, akiwa ameshakua kiasi cha kutembea. Jina likabaki, kovu likabaki, maisha yakabadilishwa. Filamu ya Broly ya Desemba 2018 ikaanza na toleo hilo la Minus.

#20 Mzee_wa_Capripoint
Ndugu zangu, kila mfano mnaoutoa unaongeza ufito mwingine. Niwaombe mtazame nyumbani kidogo.

Kisa cha Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo, na mtoto Masala Kulangwa akalipasua tumbo. Kila nyumba Usukumani inakijua. Kuna wanaomalizia pale watu wanapotoka tumboni na ngoma zinalia. Kuna wanaoendelea hadi kwa yule aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati wa kupasua, akamkasirikia mwokozi wake. Hicho kipande cha sikio kinageuza maana ya kisa chote, kinakuwa kisa cha watu wasio na shukrani. Je, yupi ni Masala Kulangwa wa kweli? Hakuna anayeuliza hivyo. Unauliza, "umesimuliwa na nani?"

Naona filamu na manga ni wasimulizi wawili wa kisa kimoja. Toriyama mwenyewe kwa Bardock alikuwa msikilizaji kwanza, ndipo akawa msimulizi.

#21 Kamanga_Feri
Mzee, shikamoo. Hoja imenigusa, lakini Shing'weng'we hana mwenyewe. Hakuna mtu mmoja aliyemtunga. Dragon Ball ina jina juu ya jalada. Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024, na nadhani ni heshima kwake kutofautisha alichochora na alichochorewa.

#22 Mzee_wa_Capripoint
Marahaba. Heshima hiyo naikubali kwa moyo wote. Lakini Broly wa 2018, mswada wake aliuandika Toriyama kwa mkono wake, na manga ya Super inachorwa na Toyotarou. Kwa kipimo chako cha "kurasa alizochora mwandishi", manga ya Super iko nje, na filamu haina kurasa kabisa. Utabaki na juzuu 42 za zamani tu.

#23 Dada_Pasiansi
Na manga hiyohiyo ya Super inaitegemea filamu! Toyotarou hakuchora kurudi kwa Freeza kwenye mfululizo huo, aliruka. Broly pia ameruka, akaendelea kama vile msomaji ameshaiona. Baadaye Broly anatokea kwenye kurasa akiwa anafahamika. Ukisoma manga tupu una mashimo mawili, na yanazibwa na filamu.

#24 Butimba_Chuo
Sahihi. Kwa anayesoma Super kwenye karatasi: sura za mwanzo za Beerus, simama, angalia Resurrection 'F' ya 2015, rudi kwenye mashindano na Ulimwengu wa 6. Maliza mashindano ya nguvu yanayoishia sura ya 42, simama tena, angalia Broly ya 2018, ndipo uingie kwa Moro. Kuanzia sura ya 88 hadi 103 ni Super Hero, na ile filamu ya 2022 unaweza kuiruka au kuiangalia kwa raha tu, kisa kimechorwa na kimeongezwa utangulizi wa Goten na Trunks.

#25 Malimbe_Kisima
Hamjamgusa Inoue. The First Slam Dunk, Desemba 2022, ameandika na kuongoza yeye mwenyewe. Ni mechi ya kikapu dhidi ya Sannoh, ileile iliyofunga manga mwaka 1996, ila imesimuliwa kutoka machoni pa Miyagi badala ya Sakuragi, mhusika mkuu wa manga. Kaka yake Sota alikwenda baharini na mashua ya uvuvi asirudi. Watu wa mwaloni hawahitaji kuelezwa uzito wa hilo.

Kaka huyo hayumo kwenye juzuu 31. Hapingani na ukurasa wowote pia, kwa sababu manga haikuwahi kutuingiza nyumbani kwa Miyagi. Sasa mkisoma tena manga, kila anapoonekana Miyagi ametia mikono mfukoni mnaona mtoto anayeficha mikono inayotetemeka. Filamu imeingia ndani ya kurasa za miaka 26 kabla yake bila kugusa wino.

#26 Mabatini_Juu
Hapo kweli. Ila filamu hiyo imekata vichekesho na vipande vingi vya Sakuragi. Kwa atakayeanza na filamu, Sakuragi ni mchezaji wa pembeni mwenye kelele. Isiwe mlango wa kuingilia.

#27 Kirumba_Mwaloni
Na mwandishi kuongoza filamu bado si mwisho wa maneno. Otomo aliongoza Akira mwaka 1988 na manga yake ikamalizika 1990, zimeisha tofauti kabisa. Kwenye manga Akira ni mtoto anayetembea, kwenye filamu ni vipande ndani ya chupa. Miyazaki alitoa filamu ya Nausicaä mwaka 1984, akaendelea kuichora manga hadi 1994, na alikofika huko mbali hakufanani na filamu. Mtu mmoja, mikono miwili, kweli mbili.

#28 Igoma_Stendi
Kuna pia filamu ambayo ni kanoni ya anime na si ya manga. Fullmetal Alchemist ya 2003, episodi 51, iliipita manga iliyokuwa haijafika mbali, ikatunga mwisho wake. Conqueror of Shamballa ya 2005 inafunga mwisho *huo*. Ukiiangalia baada ya Brotherhood, ile ya episodi 64 inayofuata manga, utachanganyikiwa kwa nini Edward yuko Ujerumani. Tatizo hili ni la kila siku kwenye flashi za muvi, maana zote zinawekwa folda moja.

#29 Nansio_Kisiwani
Wakuu naomba kuuliza tofauti kidogo. Zile zilizotafsiriwa na madijei wa kibanda umiza tunazihesabuje? Maana kuna sehemu dijei anaeleza sababu ya ugomvi ambayo ukiangalia yenye maandishi chini haipo.

#30 Mabatini_Juu
Dijei anatafsiri mfululizo bila kusimama, na filamu ikinyamaza lazima ajaze. Kwa anime hatari iko kwenye majina yanayofanana. Broly ndiye anayeumia zaidi. Broly wa 1993 anamchukia Goku kwa sababu walipokuwa wachanga Goku alilia kitandani jirani bila kukoma. Broly wa 2018 hajawahi kumwona Goku maishani. Alifukuziwa sayari ya Vampa kwa sababu Mfalme Vegeta aliona wivu kwa ajili ya mwanawe. Baba ni Paragus kwenye zote mbili. Ukisikia dijei anaanza na kilio cha mtoto halafu nywele za buluu zinatokea, jua amezishona filamu mbili zilizopishana miaka 25.

#31 Dada_Pasiansi
Lakini kwa watazamaji waliozijua kwa njia hiyo tu, hicho ndicho kisa. Ni wengi kuliko sisi wa humu. Mzee Capripoint angesema ni msimulizi wa tatu.

#32 Mzee_wa_Capripoint
Ningesema, ila ningemtaka aseme ni sauti yake, asiiweke kinywani mwa Paragus.

#33 Malimbe_Kisima
Kabla hatujafunga, Detective Conan. Filamu ya Aprili 2024, ile ya Hakodate, imesema baba yake Shinichi, ndiye Conan mwenyewe, na baba yake Kaito Kid, yule mwizi, ni ndugu pacha. Manga ya Aoyama ilianza 1994. Miaka 30 watu wanajiuliza kwa nini vijana hao wanafanana sura kama shilingi kwa shilingi, na jibu limetolewa sinema, na limetoka kwa Aoyama. Anayesoma manga peke yake bado anafuatilia wanaofanana bila sababu. Kamanga, huyo naye ni samaki au gazeti?

#34 Kamanga_Feri
Hilo limenikwamisha, nakiri waziwazi. Nikikataa filamu, nakataa maneno ya mwandishi. Nikikubali, juzuu zote nyuma zinabadilika.

Kwa Nyegezi nimepanga hivi: Dragon Ball yote, Z yote bila zile 13, kile kipindi cha Bardock cha 1990 kioneshwe siku ya peke yake kikiwa na maelezo, Battle of Gods *au* episodi za Super zinazoirudia lakini si vyote viwili, hali kadhalika Resurrection 'F', kisha Super hadi episodi ya 131, Broly ya 2018, Super Hero ya 2022. Mnaonaje?

#35 Butimba_Chuo
Nzuri. Kwa Battle of Gods chukua filamu, maana zile episodi za mwanzo za Super michoro yake ilitoka kwa haraka na inaonekana. Mafaili yape mwaka mwanzoni mwa jina, 1993_Broly na 2018_Broly, la sivyo mashine itayapanga kwa herufi na siku ya kuonyesha mtu atabonyeza siyo.

#36 Sengerema_Kwetu
Garlic Jr. utamfanyaje? Umeondoa Dead Zone, lakini episodi ya 108 hadi 117 za Z anarudi na kila mtu anamkumbuka. Hizo hazimo kwenye manga, ni fila, yaani vipande vya kujazia muda, na zinasimama juu ya filamu uliyoitoa.

#37 Kamanga_Feri
Hizo nazitoa pia.

#38 Sengerema_Kwetu
Basi usiseme "Z yote".